Msukule Asiye na Jina

Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye kibanda kimoja pale Uyole, nikijaziwa filamu za mazombi kwenye flashi. Akatokea mwanafunzi wangu, mchoraji wa katuni. Katika kompyuta ileile alikuwa ameikuta hadithi yake ya msukule, kurasa zote, jina lake limefutwa.

"Shikamoo, Dokta. Kumbe nawe unanunua hapa?"

Niliitikia marahaba, kisha nikakosa neno.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 naifahamu: humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Najua pia kwamba mwaka 1968 filamu ya George Romero, Night of the Living Dead, ilikosa ulinzi Marekani kwa sababu msambazaji aliibadili jina na kuacha tangazo la hakimiliki. Kila aliyetaka akainakili, na mazombi wakaenea duniani. Hata hivyo, jina la Romero lilibaki.

Nasi tulikua tukiazimana gazeti la Sani hadi likachanika, lakini tuliwajua wachoraji wake. Penzi la msomaji halijawahi kuwa wizi. Wizi huanza jina linapofutwa. Wazee wetu husema msukule ni mtu anayetumikishwa gizani huku nduguze wakiamini amekwisha kufa. Ndivyo tunavyomfanya msanii.

Niliiacha flashi pale. Jumatatu darasani nitaanza na kosa langu, ndipo nifike kwenye sheria.