Siku ya mwisho York, mbele ya makaburi ya kolera

York, Uingereza – Mama mmoja muuza samaki wa mtaa wa Kalundu, mjini Uvira, amemaliza vakansi ya siku tatu katika mji wa kale wa York, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa na binti yake, anayeishi Sheffield tangu miaka mingi, pamoja na mjukuu wake wa miaka kumi. Treni ya kuwarudisha Sheffield ilikuwa ya saa tisa alasiri. Siku mbili baadaye angepanda ndege ya kurudi nyumbani kupitia Bujumbura.

Asubuhi hiyo alifanya kama kawaida: alichemsha maji ya robine katika birika la hoteli, akayaacha yapoe, akajaza chupa. Mjukuu alicheka. Walishamweleza mara nyingi kwamba huku watu wanakunywa moja kwa moja kwenye robine. Hakubishana, wala hakuacha.

Walipanda ukuta wa mawe unaozunguka mji, wenye zaidi ya kilomita tatu, lakini magoti yalikataa, wakashuka. Barabara ndogo ya Shambles ndiyo iliyompendeza. Nyumba zake za mbao zimeinama hadi karibu kugusana juu. Zamani ilikuwa barabara ya wauza nyama, na kulabu za kutundikia nyama bado zipo nje ya maduka. Mama alitafuta muuza nyama hata mmoja, hakumwona. Ni zawadi za watalii tu.

Wakielekea kituoni walivuka mto Ouse, wakapita North Street. Pale kuna pampu ya maji isiyo na mkono. Mtoto akauliza nani ameuvunja. Binti akasoma maelezo: ni kumbukumbu ya daktari John Snow, aliyezaliwa mtaa huo mwaka 1813. Wakati wakubwa wengi waliamini kolera inaletwa na hewa mbaya, yeye alisema ni maji. Mwaka 1854, huko London, aliwaonyesha wakubwa wa mtaa kwamba wagonjwa walikuwa wakinywa maji ya pampu moja, na mkono wa pampu hiyo ukaondolewa.

Mama alisikiliza bila neno. Uvira, nani asiyeijua kolera?

Karibu na kituo cha treni, nje ya ukuta, kuna majani na mawe machache ya makaburi yaliyoinama chini ya miti. Magari yanapita kando. Ni watu wa kolera ya mwaka 1832. Walikufa 185 katika mji huu. Binti alisoma hayo kwa sauti, halafu sauti ikakatika.

— Mama, yale maji niliyachota mimi.

Alikuwa na miaka tisa. Kaka yake mdogo alikuwa na minne. Alitumwa ziwani na bidoni la njano, na usiku wa kesho yake mtoto alikufa kabla serumu haijaisha. Tangu siku ile, nyumbani hawakulizungumza. Hata mjukuu hakuwahi kusikia kwamba alikuwa na mjomba.

Mama aliweka valizi chini.

— Nilikutuma mimi. Na kumnywesha, nilimnywesha mimi. Robine ilikuwa kavu siku nne, mwanangu. Ungechota wapi?

Binti akasema alidhani mama alimpeleka mbali kwa shangazi kwa sababu hakutaka tena kumwona.

— Nilikupeleka usife na wewe.

Walisimama pale muda mrefu. Mtoto, ambaye Kiswahili chake ni kidogo, aliuliza jina la mjomba. Nyanya yake akamtajia, akamrudisha kulitamka mara mbili mpaka likatoka vizuri.

Treni ya saa tisa iliwaacha. Wakapanda iliyofuata. Walipokaa, mama alitoa ile chupa ya asubuhi, akaifungua, akampa binti yake anywe kwanza.