Treni inangoja nini?

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tano hivi, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. La hasha. Nimekuwa nikihesabu mabehewa.

Ghala moja la mbolea huku bara (sitalitaja) lina reli yake ya pembeni, ile inayochepuka kutoka njia ya zamani ya mita moja na kuingia hadi mlangoni. Mbolea inatoka Mombasa ikiwa kwenye magunia ya kilo 50. Behewa likiwa na tani 40, hayo ni magunia 800, na kila gunia linashuka kwa bega la mtu. Mabehewa yakikaa pale kupita muda uliowekwa, ghala linatozwa pesa. Meneja alikuwa amechoka kulipa. Akataka programu ya simu itakayoonyesha "uvivu uko wapi" (maneno yake hayo), na ndani yake iwe na safu ya majina: kibarua gani ameshusha magunia mangapi kwa saa.

Programu niliandika. Safu ya majina sikuiweka. Nilimwambia tupime treni kwanza, halafu tuone kama kuna haja ya kupima watu. Alinitazama kama mtu aliyeagiza chai akaletewa maji moto, lakini akakubali.

Wale mliosomea tarakilishi mnajua jambo hili: programu ikienda polepole, huanzi kurekebisha pale unapodhani pana shida. Unapima. Basi nilichagua matukio matano tu: mabehewa yameingia, lakiri zimekaguliwa, mlango wa kwanza umefunguliwa, gunia la mwisho limetoka, injini imeyachukua matupu. Karani anabonyeza kitufe na saa inajiandika yenyewe. Hilo la saa kujiandika nililishikilia sana, maana saa inayoandikwa kwa kalamu siku zote huishia na sifuri au tano, na wakati mwingine huandikwa jioni, siku nzima kwa mpigo mmoja.

Chukueni treni moja ya kawaida kati ya zile tulizopima. Mabehewa 10 yaliingia saa nane mchana. Lakiri zilikaguliwa saa kumi, kwa sababu hati zilikuwa stesheni na ilibidi mtu azifuate kwa bodaboda. Mlango wa kwanza ulifunguliwa saa mbili asubuhi ya kesho yake. Gunia la mwisho likatoka saa tisa alasiri. Injini ikaja siku iliyofuata, saa tano asubuhi. Jumla ni saa 45. Magunia 8,000 yalishushwa kwa saa 7.

Someni tena. Saa 7 kati ya 45! Hata meneja angepata vibarua wenye mabega ya chuma wakamaliza kwa nusu ya muda huo, mabehewa yangeondoka saa ile ile ya tano, kwa sababu injini haikuwa imearifiwa.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni lile pengo la kutoka saa kumi jioni hadi asubuhi. Nilimwuliza nyapara, mzee ambaye ameshusha mizigo hapo tangu kabla mimi sijazaliwa. Akaniambia, "Kijana, watu wanaandikwa langoni saa moja asubuhi. Ikifika saa sita hakuna treni, hakuna pesa. Mtu ana watoto, anaenda kutafuta kwingine." Kwa hiyo treni ya saa nane inamkuta mlinzi na paka wake.

Hapa ndipo somo la foleni nililolichukia chuoni lilinirudia. Erlang, yule Mdenishi, alichapisha hesabu zake za simu mwaka 1909, na miongo mitano baadaye, 1961, John Little akathibitisha kanuni inayobeba jina lake: wastani wa vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa humo. Inaonekana rahisi mno. Maana yake kwa ghala ni kwamba mabehewa yakikaa mara mbili ya muda unaohitajika, unahitaji mabehewa mara mbili kubeba mbolea ile ile.

Hesabu nyingine ndiyo chungu. Katika mfano rahisi kabisa wa foleni, wageni wanaofika ovyo na mhudumu mmoja, mhudumu akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, mgeni anangoja kwa wastani mara 4 ya muda wa kuhudumiwa. Ikifika asilimia 90, ni mara 9. Asilimia 95, mara 19. Reli ya pembeni si mfano wa kitabuni, najua, lakini umbo la tatizo ni hilo. Ukihakikisha kwamba hakuna mtu hata mmoja anayekaa bila kazi, treni ndiyo itakayokaa.

Kuna waliokwepa foleni kwa mashine. Uingereza tangu miaka ya 1960 treni za makaa ya mawe zilikuwa zikimwaga mzigo kwa chini huku zikitembea polepole juu ya shimo, injini haikufunguliwa kabisa. Safi sana, ila jaribuni kumwaga magunia. Na hata kwenye SGR yetu, iliyoanza kubeba mizigo 2018, kreni inainua kontena kwa dakika chache, lakini kreni haiinui hati.

Nilimpelekea meneja mambo matatu. Orodha ya lakiri ipigwe picha na kutumwa treni inapoondoka Mombasa. Stesheni ipigiwe simu wakati behewa la mwisho limefunguliwa, si siku ya pili yake. Na siku ya treni, kundi la watu lilipwe nusu siku kwa kungoja hadi jioni, halafu walipwe kwa gunia kama kawaida kazi ikianza.

La tatu lilimkwaza. "Nilipe watu wakae?"

Nikamwonyesha risiti za tozo za mabehewa, zilizokuwa mezani pake mwenyewe. Akapiga hesabu kimya kwa dakika kadhaa, kisha akasema tujaribu mwezi mmoja, na taa mbili kubwa juu ya jukwaa.

Tuko wiki ya tatu. Treni za mchana sasa zinafunguliwa siku ile ile zinapofika. Wiki iliyopita moja ilimalizwa saa nne usiku, nikiwa nimeketi juu ya magunia nikitafuta mdudu kwenye sehemu ya kutuma picha (mtandao ukikatika, picha ilikuwa inatumwa mara mbili. Nimemnasa). Upande wa injini bado ni bahati nasibu. Simu inapigwa, wanasema wamesikia, injini inakuja inapokuja.

Nyapara anataka nusu siku iandikwe kwenye karatasi kabla mwezi haujaisha. Meneja anasema tutaona. Na jana ameniuliza tena kuhusu ile safu ya majina.