Mzigo Uliotuliwa Mwembeni



Nataka kuwasimulia habari ya udhaifu wangu mwenyewe, maana naona si wangu peke yangu. Mwaka jana, wakati wa masika, moyo wangu ulikuwa mzito sana. Nalikuwa na vigango vitatu vya kuangalia, na mashauri ya ndoa yasiyokwisha, na deni la ada ya shule ya mtoto wangu wa kwanza. Usiku naligeuka-geuka kitandani nikihesabu shilingi nisizokuwa nazo. Asubuhi naliamka nimechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Nikirudi jioni, watoto walinyamaza mara waliposikia hatua zangu. Nami nalidhani ni adabu.

Siku moja mke wangu akaniambia kwa upole, "Mwalimu, huko kanisani wawafundisha watu ya kwamba Mungu ni Baba. Watoto wako wakilisikia neno hilo, wadhani wanamwona nani mioyoni mwao?"

Sikumjibu. Nalitoka nikaketi barazani hata giza likaingia.

Siku zile nalikuwa nikiwafundisha wakatekumeni habari za nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya alikuwa amewashinda manabii wa Baali, kisha akaikimbia ghadhabu ya Yezebeli, akaketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Habari hii nalikuwa nimeisoma mara nyingi, wala sikuona jambo moja: Mungu hakumkemea pale chini ya mti. Alimwacha alale. Ndipo malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa, akala mara ya pili. Kwa nguvu za chakula kile akaenda siku 40 mpaka mlima Horebu, na huko Mungu akasema naye. Usingizi, mkate, maji, na safari ya miguu! Nami nalidhani hayo ni mambo ya mwili tu, hayamhusu mwalimu wa dini.

Basi nikaanza kidogo kidogo. Pana mwembe njiani, karibu na kwangu. Jioni nikifika pale naketi, natua mkoba wangu wa vitabu, nayakumbuka mambo ya siku moja moja, nikianza na yale ya kumshukuru Mungu. Hekima hii si yangu. Mtakatifu Ignatius wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilikubaliwa na Baba Mtakatifu Paulo III mwaka 1548, aliagiza kwamba mtu anayeichunguza dhamiri yake aanze kwa kushukuru, ndipo atafute makosa yake. Mimi nalikuwa nikianza na makosa, tena mara nyingi makosa ya wengine. Siku nyingine shukrani haiji upesi. Nimewahi kushukuru kwa muhogo wa kuchoma tu, kwa kuwa sikuona kingine.

Mashauri siyapokei tena baada ya chakula cha usiku, isipokuwa kama pana mgonjwa. Wengine walinung'unika, nao wakazoea. Deni nimeliandika katika daftari, pamoja na kiasi niwezacho kulipa kila mwezi. Halijapungua sana, lakini sasa hulala daftarini, si kichwani mwangu. Jumapili alasiri daftari silifungui. Tunategeana vitendawili na watoto, na yule mdogo hunishinda kila mara. Nimekwisha kumpa miji mingi, hata ile nisiyopata kuiona.

Juzi mvua ilinyesha, nikapita pale mwembeni bila kuketi, nikaingia nyumbani na ukali wangu wa zamani. Mtoto yule mdogo akanitazama kitambo, kisha akamwuliza mama yake kama mwembe umeanguka.