Kodi na Ada ya Wakala



Sisi wa Makiso, hapa Kisangani, hatukatai kodi. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwamba Kaisari apewe haki yake. Linalotuchoma ni jambo jingine. Ndugu zetu walioko Kampala walitutumia kifurushi cha nguo na viatu vya watoto. Kilivuka mpaka wa Kasindi, kikapita Beni, Komanda na Niania, kikatufikia salama. Lakini kabla ya kukabidhiwa, tulidaiwa ada ya wakala wa forodha, nayo ilizidi kodi yenyewe. Wakala hatukumchagua, wala bei hatukuambiwa mapema. Tulipoomba hati, tulionyeshwa karatasi isiyo na muhuri. Fedha tulizoweka kwa karo ziliishia hapo.

Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi mipaka na iwe myepesi kwa maskini pia.

Enyi wazazi, kabla kifurushi hakijaondoka, ulizeni ada ya wakala, tena kwa maandishi. Nanyi vijana mtakaofanya kazi ya forodha, kumbukeni ya kuwa Yohane Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waache kazi yao, bali wasitoze kupita kiasi kilichoamriwa. Na Mtakatifu Mateo aliitwa akiwa ameketi forodhani.