Kutoka Mitaani Hadi Usoni

Katika zama za utoto wangu, miaka ya hamsini, mtu aliyetoka Magogoni kwa miguu, akaiacha bahari na Nyumba ya Gavana nyuma yake, akapita Uzunguni penye bustani na vivuli, akaingia Uhindini penye maghorofa na maduka, kisha akavuka uwanda wa Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, alikuwa amekwisha kuzisoma sheria za mji wa Dar es Salaam pasipo kufungua kitabu. Mji ulipangwa kwa rangi za ngozi: Wadachi waliuanza mpango huo, Waingereza wakaukamilisha, na uwanda ule, ambao sisi watoto tuliudhani ni wa kuchezea mpira, uliachwa wazi kusudi uwatenge Waafrika na wengine.

Baba yangu alikuwa hamali bandarini. Kwa kufuatana naye nilijifunza kwamba mweupe ni bwana, maji ya kunde ni mwenye duka, na mweusi ni mchukuzi. Hisabu hiyo haikukubali kwa jirani wa shangazi yangu Kariakoo, Mshihiri muuza kahawa, mweupe wa sura, aliyepanga chumba kimoja katika nyumba ya udongo na kukopa unga kwa shangazi, wakiitana kaka na dada.

Serikali haikuwa na shaka kama yangu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Baba hakupiga kura kabisa, maana hakuwa na kipato wala elimu iliyotakiwa. Ndipo Oktoba 1961, Uhuru ukiwa mlangoni, baadhi ya wabunge wakataka uraia uwe wa weusi peke yao, na Mwalimu Nyerere akawapinga kwa ukali, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuupima uraia kwa rangi. Barazani kwetu wazee waligawanyika, na wenye hasira walikuwa na sababu zao za haki. Baba aliuliza neno moja tu: "Na yule muuza kahawa mtamtia wapi?"

Mipaka ya mitaa iliondoka. Ila rangi, iliyofukuzwa katika ramani, ilipata makao katika nyuso zetu wenyewe, na jambo hili hunihuzunisha kuliko lile la kwanza, kwa kuwa halina gavana wa kulaumiwa. Hapo Kariakoo mkorogo wa kujichubua huuzwa kwa mabinti wazuri wa sura, wenye weusi wa kupendeza. Hutiwa zebaki na hidrokwinoni, ngozi ikachunika, na zebaki ikadhuru figo. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003, na shehena hukamatwa na kuteketezwa, lakini wanunuzi hawapungui maadamu majumbani mwetu weupe huhesabiwa kuwa sifa.

Juzi jamaa zangu waliniomba niwe mshenga. Nilipouliza habari za binti, jibu la kwanza lilikuwa, "Ni mweupe, mzee, hutaona haya." Niliwaambia sitalibeba neno hilo hadi nyumbani kwa watu, wanipe jingine. Walitazamana kwa kitambo, kisha mama mmoja akanieleza kwamba binti ni muuguzi, na kwamba ndiye aliyewasomesha wadogo zake wawili baada ya baba yao kufariki.