Kamanda Aliyetuhesabu Tuliokimbia

Mimi ni mkulima wa chai hapa Rungwe, na kabla ya chai nilikuwa mgambo. Idi Amin wa Uganda alipoivamia Kagera mwishoni mwa 1978, vijana wengi tuliondoka Tukuyu. Kwata tulijua, na SMG tulijua kuishika. Vita hatukuvijua.

Namtolea ushuhuda Jenerali David Musuguri, aliyefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Mzaliwa wa Butiama, aliingia jeshi la mkoloni, KAR, mwaka 1942, akaenda Madagaska, kisha akawa mkufunzi Kahawa, Kenya, ambako Amin alikuwa miongoni mwa aliowafundisha. Februari 1979 akakabidhiwa Divisheni ya 20.

Brigedi yetu ya 201, iliyokuwa chini yake, ilijaa mgambo. Tarehe 10 Machi, pale Lukaya, ndani ya Uganda, barabara ikikata katikati ya kinamasi cha mafunjo, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitufyatulia Katyusha. Makombora yalipita juu ya vichwa vyetu, yakaangukia mbali. Lakini ule mlio! Ardhi ilitetemeka na matumbo yakalegea. Tukatimua mbio. Nilikimbia na kiatu kimoja, matope hadi magotini.

Kwetu, mwanamume aliyekimbia vita hana tena neno mbele ya wenzake. Nilijiona nimekwisha. Usiku ule maofisa walipita gizani wakitukusanya, wakitupanga upya, wakigawa risasi. Musuguri alikuwa ameiamuru Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa igeuke, izunguke usiku kucha na kuifunga barabara ya Kampala nyuma ya adui. Na sisi tuliokimbia? Tulipewa kazi ya kushambulia kutoka mbele. Alfajiri tukaingia, na Lukaya ikarudi mikononi mwetu. Aprili 11 Kampala ikaanguka.

Wengi humsifu Musuguri, aliyekuja kuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, kwa ule mzunguko. Mimi namsifu kwa sababu mpango wake ulituhesabu na sisi.

Nilirudi Tukuyu nikiwa mtu mwingine. Zamani nilikuwa mwepesi wa kumkatia mtu tamaa. Nilipokuwa balozi wa nyumba kumi, kijana mmoja aliiacha zamu ya ulinzi akakimbia wezi. Wazee wakataka atengwe. Nikampangia zamu ya usiku uliofuata, nikakesha naye mvuani. Vibarua wa shambani kwangu nao wanalijua hilo: aliyeharibu jana, leo asubuhi nina kazi ya kumpa.