Bukavu: mtoto asiyegeuka anapoitwa jina, mzazi afanye nini?

Mjini Bukavu, katika jimbo la Kivu ya Kusini, mtoto akichelewa kusema kila mtu ana jibu lake. Jirani anasema tuvumilie, ulimi bado mzito. Mama mkwe anakumbusha kwamba hata baba wa mtoto alichelewa. Wengine wananyamaza mbele ya mzazi, lakini wakifika kwenye bomba la maji wanataja uchawi. Mzazi anabaki na swali ambalo anaogopa kuliuliza kwa sauti: je, huu ni usonji, ule ambao wengi hapa wanauita otisme?

Swali hilo linamnyima usingizi mama mmoja wa Kadutu, muuza sombe, mwenye watoto watatu. Wa mwisho ana miaka 2 na miezi 4. Anakula vizuri, anakimbia, anapanda ngazi bila kushikwa mkono, na fishi yake ya kipimo inaonyesha uzito mzuri. Lakini alipokuwa na mwaka 1 na miezi 3 alikuwa akisema “mama” na “maji”. Leo hasemi hata moja kati ya maneno hayo.

Mama huyo alianza kumwangalia kwa makini. Akimwita jina, mtoto hageuki. Akifungua karatasi ya biskuti nyuma yake, anakuja mbio. Akitaka maji, haonyeshi bidoni kwa kidole. Anashika mkono wa mama, anauvuta mpaka kwenye bidoni, bila kumtazama usoni. Anapanga vifuniko vya chupa kwenye mstari, na mtu akisogeza kimoja analia mpaka jasho linamtoka. Watoto wa jirani wakija kucheza, yeye anabaki na vifuniko vyake.

Kila jambo kati ya hayo, likiwa peke yake, halithibitishi kitu. Watoto wengi hupenda kupanga vitu, na wengine huchelewa kusema kisha wakawafikia wenzao. Kinachowafanya waganga waangalie zaidi ni alama nyingi kuwa pamoja, hasa zile za kuwasiliana na watu: mtoto wa miezi 9 asiyegeukia jina lake, wa mwaka 1 asiyepunga mkono kuaga, wa mwaka 1 na nusu asiyeonyesha kwa kidole kitu kinachomfurahisha. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza asingojewe, awe na umri gani.

Nyumbani, wazazi hawakusikilizana. Baba, mwendesha pikipiki, hakukataa kwamba kuna jambo. Aliogopa jina. Kwake, mtoto akishaandikwa neno hilo hospitalini, kartie nzima itamwita hivyo mpaka uzee. Mama aliogopa kinyume chake: kwamba wakikaa kimya, watu watampa mtoto jina lingine lililo baya zaidi. Na kweli, ndugu mmoja wa familia alishauri apelekwe kwenye chumba cha maombi, afungishwe siku tatu. Mtoto wa miaka 2! Mama alikataa. Alijibu kwamba maombi atayafanya yeye mwenyewe, na mtoto atakula.

Hapo sheria iko upande wake. Katiba ya Congo ya mwaka 2006, kwenye kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inatoa adhabu kwa anayefanya hivyo. Kumnyima chakula mtoto asiyesema si dawa.

Lawama nyingine ziliangukia mama. Aliambiwa kwamba ni chanjo. Aliambiwa kwamba anamchanganya mtoto kwa Mashi, Kiswahili na Kifaransa. Aliambiwa kwamba hampendi vya kutosha, kwa sababu anashinda sokoni. Andiko la madaktari lililoeneza habari ya chanjo lilitoka Uingereza mwaka 1998, na jarida lililolichapisha likalifuta mwaka 2010. Lugha nyingi nyumbani hazileti otisme, wala upendo mdogo hauileti. Hapo zamani hata waganga wa Marekani walilaumu ubaridi wa akina mama, na baadaye sayansi ikalikataa wazo hilo. Mtoto huzaliwa akiwa na ubongo unaokua kwa njia yake, na urithi wa familia una sehemu kubwa.

Mwishowe alimwambia muuguzi siku ya kipimo. Muuguzi alimwambia aanzie masikio, kwa sababu mtoto anaweza kusikia karatasi ya biskuti na bado asisikie vizuri sauti ya mtu. Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima. Kisha akaulizwa maswali 20, yale yanayotumika kwa watoto wa miezi 16 mpaka 30. Maswali hayo hayakati kesi. Yanachagua tu nani aangaliwe zaidi. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kusema “ni otisme”. Mganga anayejua kazi hiyo humwangalia mtoto na kumsikiliza mzazi. Mama aliambiwa arudi. Jibu alilopewa siku hiyo ni “labda”.

Hata hivyo “labda” haikumfunga mikono. Alionyeshwa kazi ya kufanya nyumbani: kukaa chini, uso kwa uso na mtoto, kutaja kitu kwa neno moja, kisha kungoja. Kuingia katika mchezo wa mtoto badala ya kumnyang'anya. Basi jioni anakaa naye kwenye vifuniko, anaweka kimoja kwenye mstari, anasema “kifuniko”. Baba alimcheka siku za kwanza. Sasa naye hukaa. Juzi mtoto alimpa baba kifuniko na kumtazama, kwa muda mfupi sana. Hakusema neno.

Kazi hiyo inamfaa mtoto yeyote aliyechelewa, awe na otisme au asiwe nayo. Ndiyo sababu kungoja miaka mpaka jina lijulikane ni kupoteza wakati ambao ubongo wa mtoto unajifunza kwa haraka.

Mzazi mwenye wasiwasi aandike kwenye daftari anachokiona: tarehe, mtoto alifanya nini, alisema nini, aliacha nini. Aende nalo kwenye kituo cha afya, aombe masikio yapimwe, aulize atapelekwa wapi baadaye. Mjini Bukavu kuna kituo cha SOSAME cha magonjwa ya akili, na kuna Heri Kwetu inayopokea watu wenye ulemavu. Kwenye milango hiyo anaweza kuuliza. Na sisi majirani, tukimwona mtoto asiyegeuka anapoitwa, tumsaidie mama yake kubeba mzigo wa sombe siku ya kwenda hospitali. Hilo litamfaa kuliko maneno yetu ya kwenye bomba.